Kujitegemea, kubebwa au kuungana: Komoro, Maore na Zanzibar kwenye mizani moja

Ukoo mmoja wa Kingazija unaweza kuwa na shangazi Moroni huko Komoro, binamu Mamoudzou huko Maore na babu mdogo aliyezeekea Unguja. Wote wanakula wali wa nazi, wote wanamsomea maiti wao hitima ileile, na kila mmoja ana pasi yake. Wakikutana harusini, pilau ikishaliwa na kahawa ikishamiminwa, ubishi haukawii: wa kisiwa kipi walichagua vizuri?

Binamu wa Maore anataja euro. Shangazi wa Moroni anataja bendera. Babu wa Unguja anacheka, halafu analalamika kuhusu Muungano mpaka watu wanaaga. Kila mmoja anachukua lililo jema kwake na kulishindanisha na lililo baya kwa mwenzake, ndiyo maana ubishi hauishi.

Hapa nimejaribu kuziweka njia tatu kwenye mizani moja. Ya kwanza ni kujitegemea, kama Komoro tangu 1975. Ya pili ni kubaki ndani ya dola kubwa ya mbali, kama Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte. Ya tatu ni kuungana na jirani mkubwa huku ukibakiwa na serikali yako, kama Zanzibar tangu 1964. Ushelisheli nitaiita hapa na pale kama shahidi, kwa sababu nayo ilijitegemea, mwaka 1976, na haikufika pale ilipofika Komoro. Mimi ni mtu wa Unguja, kwa hiyo jicho langu lina kengeza la huko. Msomaji alisahihishe anavyoona.

Mizani yenyewe

Nitapima mambo manne. Mpini uko mkononi mwa nani, maana yake nani anaamua, na wananchi wakimchoka wanamtoaje. Kibindo kinajazwa na nini. Maji, umeme na hospitali vikoje, hasa siku ya maafa. Na mlango: nani anaruhusiwa kuingia na kutoka, na ukiwa nje unaitwa nani.

Wengi hupima la pili tu. Ukipima kibindo peke yake, Maore inaishinda Komoro kabla ya chai. Ukipima jina na bendera peke yake, Komoro inazishinda zote mbili.

Walivyofika hapo

Tarehe 22 Desemba 1974 Wakomoro wa visiwa vinne, yaani Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, walipiga kura ya uhuru. Kwa jumla, kiasi cha asilimia 95 walisema ndiyo. Lakini Maore, karibu theluthi mbili walisema hapana. Chuki ilikuwa na chanzo kinachoeleweka: makao makuu ya visiwa yalikuwa Dzaoudzi, huko Maore, kisha yakahamishiwa Moroni, kisiwani Ngazija, na kazi, mishahara na wateja wa sokoni vikafuata. Wanawake wa Maore ndio waliobeba upinzani huo, na silaha yao ilikuwa ya aina yake. Waliwazingira viongozi waliotumwa kutoka visiwa vingine na kuwatekenya mpaka wakarudi chomboni. Mtu ataona ni mzaha, lakini kiongozi aliyetekenywa hadharani hapigi hotuba tena.

Komoro ikatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975. Februari 1976 Maore ikapiga kura yake na asilimia 99 wakataka kubaki na Ufaransa. Mwaka 2009 wakapiga tena, asilimia 95 wakakubali kuwa mkoa kamili, na tarehe 31 Machi 2011 Maore ikawa mkoa wa 101 wa Ufaransa. Umoja wa Mataifa, uliokwisha kuipokea Komoro yenye visiwa vinne, haukuikubali kura ya 1976.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, ikafanya mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na tarehe 26 Aprili ikaungana na Tanganyika. Mzee Karume na Mwalimu Nyerere walitia saini. Mwananchi wa kawaida, wa upande wowote, hakuulizwa kwa kura. Maore waliulizwa mara kadhaa, Wakomoro wengine waliulizwa mara moja, Wazanzibari hawakuulizwa. Tofauti hiyo bado inaonekana katika namna kila kisiwa kinavyogombana leo.

Mpini uko mkononi mwa nani

*Kujitegemea.* Komoro haifichi bei yake. Ahmed Abdallah aliyetangaza uhuru hakumaliza mwezi. Alipinduliwa tarehe 3 Agosti 1975. Ali Soilih, aliyeshika baadaye, aliondolewa Mei 1978 na mamluki wa Kifaransa Bob Denard, kisha akauawa. Abdallah akarudishwa na mamluki walewale, akaja kuuawa ikulu Novemba 1989. Denard akarudi tena Septemba 1995 kumpindua Rais Djohar, na safari hiyo jeshi la Ufaransa likaja kumkamata. Ukihesabu mapinduzi na majaribio, yanapita 20.

Watu husema ni tabia ya Wakomoro. Sikubali. Nchi ndogo ina ikulu moja, uwanja mmoja wa ndege wa maana na kituo kimoja cha redio, na jeshi lake halijazi kiwanja cha mpira. Watu wachache wenye bunduki wanatosha. Ushelisheli nayo ilipinduliwa tarehe 5 Juni 1977, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, na mwaka 1981 mamluki wengine walishuka uwanja wa ndege wakijifanya wanywaji pombe walioko likizoni, bunduki zimefichwa mabegini. Wanajeshi wa Tanzania walikuwa wamepelekwa huko kuilinda serikali. Udogo ni udhaifu wa kijeshi kabla ya kuwa udhaifu wa kisiasa.

Udhaifu wa pili wa Komoro ni kwamba nchi ndogo ina nchi ndogo zaidi ndani yake. Mishahara ya watumishi ilikuwa ikicheleweshwa kwa miezi, na Nzwani wakaona kila kitu kinaishia Ngazija. Mwaka 1997 Nzwani ikatangaza kujitenga, Mwali ikafuata, na waandamanaji wa Nzwani wakapandisha bendera ya Ufaransa wakiomba warudishwe. Ufaransa ikakataa. Dawa iliyopatikana ilikuwa katiba ya Desemba 2001: urais wa Muungano wa Komoro uzunguke kisiwa kwa kisiwa, na kila kisiwa kiwe na rais wake. Marais wanne kwa watu wasiofika milioni! Mwaka 2009 wale wa visiwa wakashushwa wakawa magavana, kwa sababu hazina haikuweza kulisha misafara yote hiyo.

Lakini zamu ilifanya kazi. Azali Assoumani wa Ngazija alimwachia Ahmed Sambi wa Nzwani mwaka 2006, Sambi akamwachia Ikililou Dhoinine wa Mwali mwaka 2011, na mwaka 2016 zamu ikarudi Ngazija, kwa Azali yuleyule. Nzwani pekee iliyumba, pale Mohamed Bacar alipokataa kuachia kiti cha kisiwa. Machi 2008 askari wa Umoja wa Afrika, Watanzania wakiwamo, walishuka pamoja na jeshi la Komoro kumtoa. Kilichoiharibu zamu ni kura ya maoni ya Julai 2018 iliyomruhusu rais kukaa vipindi viwili mfululizo. Azali alishinda 2019 na tena Januari 2024, maandamano yakazuka, na Sambi akafungwa maisha mwaka 2022 katika kesi ya kuuza pasi. Nzwani inahesabu zamu iliyoliwa.

Upande wa pili wa sarafu uko Ushelisheli: Oktoba 2020 upinzani ulishinda urais kwa mara ya kwanza, na mwaka 2025 aliyekuwa madarakani akashindwa akaondoka. Ilichukua zaidi ya miaka 40. Kujitegemea kunaweza kufika huko, ila hakufiki kwa haraka.

*Kubaki.* Maore haijawahi kupinduliwa na haitapinduliwa. Ina baraza lake la mkoa, lakini sheria kubwa inatungwa Paris, ambako bunge la watu 577 lina wabunge wawili wa Maore. Mpini uko mbali mno kuweza kunyang'anywa, na uko mbali mno kuweza kusikia. Ndiyo maana siasa za Maore hufanyika barabarani: mgomo wa 2011 dhidi ya bei, mgomo wa 2018 dhidi ya uhalifu, kisiwa kizima kimefungwa kwa magogo. Waziri akipanda ndege kuja, watu wanajua wamesikika. Hapo hakuna rais wa kisiwa wa kumfukuza, na wapo wanaosema afadhali.

*Kuungana.* Zanzibar ina rais, baraza la wawakilishi, mahakama na, tangu 2005, bendera yake tena. Ina pia orodha ya mambo ya Muungano iliyoanza na 11 na sasa ina 22, na kila lililoongezwa lilipunguza kitu upande wa kisiwani. Hadi miaka ya 90 Rais wa Zanzibar alikuwa Makamu wa Rais wa Muungano kwa cheo chake. Mabadiliko ya katiba ya 1994 yakaondoa hilo. Mwaka 1993 Zanzibar ikatoka katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu baada ya kujiunga peke yake. Machi 2017 vijana walisherehekea Zanzibar kupokewa uanachama wa soka Afrika. Julai uanachama ukafutwa, kwa hoja kwamba Zanzibar si nchi. Kwa watu wengi wa mtaani, hilo la mpira lilifundisha maana ya Muungano kuliko kitabu chochote cha uraia.

Muungano umeizuia Zanzibar isiwe kama Moroni ya mamluki, hilo lazima lisemwe. Lakini haukuzuia damu. Januari 2001 watu waliuawa Pemba na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa ukiwa umeshapigwa. Kilichotuliza kwa muda ni makubaliano ya ndani, ya Wazanzibari wenyewe: maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, ambapo asilimia 66 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa.

Kibindo

Komoro inauza manukato: karafuu, vanila na mlangilangi. Ukitaja mazao hayo mbele ya mkulima wa Pemba atatikisa kichwa, kwa kuwa anajua bei yake hupangwa na mtu ambaye hajawahi kupanda mkarafuu. Zao lake kubwa kuliko yote ni watu walioko nje. Fedha wanazotuma jamaa walioko Ufaransa, Marseille hasa, zinakaribia sehemu moja ya tano ya pato la nchi. Nyingi hujenga nyumba na kulipia *anda*, ile harusi kubwa ambayo mwanamume wa Ngazija asipoifanya hahesabiki mkubwa, hata akiwa na mvi. Wachumi hulaumu kwamba fedha zinaishia kwenye dhahabu na ng'ombe. Mimi naona anda ndiyo inayomfanya mtu wa Marseille aendelee kukumbuka kijiji chake. Iondoe, na huenda fedha zenyewe zikaacha kuja.

Franka ya Komoro imefungwa kwenye euro kwa karibu 492 kwa euro moja tangu 1999, kwa dhamana ya hazina ya Ufaransa. Kwa hiyo hata aliyejitegemea hakujitegemea kila kitu: bei za dukani hazirukiruki, lakini serikali haiwezi kushusha thamani ya fedha ili mazao yauzike. Na pale kibindo kilipokuwa tupu, Komoro iliuza jambo ambalo nchi huru pekee inaweza kuliuza, yaani uraia. Sheria ya 2008 ilifungua njia ya pasi kwa watu wasio na uraia huko Ghuba, na fedha nyingi hazikuonekana zilikokwenda. Ndiyo kesi iliyomfunga Sambi.

Ushelisheli nayo iliwahi kushindwa: Oktoba 2008 haikuweza kulipa deni lake la nje. Ikaiachia rupia yake ielee, ikapunguza matumizi, ikarudi kwenye jodari na watalii, na mwaka 2015 Benki ya Dunia ikaiweka kwenye kundi la nchi za kipato cha juu. Wana watu laki moja na ushei na bahari ya zaidi ya kilomita za mraba milioni moja. Hesabu ya kugawana inakuwa nyepesi.

Maore inatumia euro, na mshahara wa mwalimu, muuguzi na karani hautegemei mvua wala bei ya vanila. Pato kwa kichwa ni mara kadhaa ya lile la Komoro. Hata hivyo asilimia 77 ya wakazi walihesabiwa kuwa chini ya mstari wa umaskini wa Ufaransa, kima cha chini cha mshahara ni kidogo kuliko cha Ufaransa bara, na chakula ni ghali kuliko huko. Fedha inashuka bandarini Longoni kama ruzuku na inapanda meli ileile ikiwa malipo ya kuku wa barafu. Mashamba ya mlangilangi yaliyokipa kisiwa harufu yake yamebaki ya ukumbusho.

Zanzibar ina utalii, uliovuka wageni laki saba mwaka 2024, na karafuu, ambazo kwa sheria mkulima huziuza kwa shirika la serikali, ZSTC. Ina pia kitu ambacho Komoro haina: soko la watu zaidi ya milioni 60 ng'ambo ya mkondo, bila viza. Mpemba mwenye duka Kariakoo ni faida ya Muungano ambayo haiandikwi kwenye bajeti yoyote. Gharama yake ni kwamba benki kuu ni ya Muungano, mkopo wa nje unahitaji dhamana ya Muungano, na mgawo wa asilimia 4.5 wa misaada na mapato ya pamoja umejadiliwa tangu nywele za wajadili zikiwa nyeusi. Malalamiko ya kulipia kodi mara mbili, Unguja na tena Dar es Salaam, kila msafirishaji anayo.

Maji, umeme, hospitali

Ngazija haina mito. Ardhi ya volkano inameza mvua, kwa hiyo watu hukinga maji ya paa kwenye birika. Mlima Karthala ulipolipuka mwaka 2005, jivu lilijaa kwenye maji hayo ya kunywa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikang'oa mapaa na migomba. Serikali yenye bajeti ndogo hungoja wahisani, na mgonjwa mahututi mwenye uwezo husafirishwa Dar es Salaam, Madagaska au Mauritius. Asiye na uwezo huangalia upande wa Maore.

Upande huo una hospitali ya Mamoudzou, ambako kwa mwaka huzaliwa watoto wapatao 10,000; hakuna wodi ya uzazi yenye kazi kubwa kama hiyo Ufaransa nzima. Lakini utajiri wa dola haukuzuia kiangazi cha 2023, ambapo mabomba yalifika kutoa maji siku moja kati ya tatu. Na tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kilipiga vibanda vya bati vya vilimani vikatawanyika kama karata. Meli na ndege za jeshi zilikuja na maji na mahema, kwa kiwango ambacho Moroni isingekipata. Vilevile, waliokuwa kwenye bati walikuwa huko kwa sababu wengi hawakuwa na karatasi, na wasio na karatasi huogopa hata kukimbilia kwenye makazi ya dharura wakihofia askari.

Kwetu Unguja, niulize kuhusu waya. Umeme wa kisiwa unatoka bara chini ya bahari, kwa waya uliolazwa mwaka 1980. Mei 2008 ulikatika, tukakaa gizani mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na mara hiyo ilikuwa mpaka Machi 2010. Pampu za maji nazo ni za umeme, kwa hiyo bomba likakauka. Jenereta zilinguruma kila kichochoro cha Mji Mkongwe, samaki wakaoza, mahoteli yakafunga. Waya mpya ulikuja mwaka 2013, na Pemba ilikuwa imeshapata wake kutoka Tanga. Tukumbuke pande zote mbili: bila bara umeme wa namna hiyo usingekuwapo, na kwa kutegemea waya mmoja tulizimwa kama taa ya chumbani. Komoro kwa upande wao wana majenereta ya dizeli, ambayo huzimika kidogokidogo mwaka mzima.

Mlango, na jina lako ukiwa nje

Hadi Januari 1995 mtu wa Nzwani alikwenda Maore kuuza ndizi na kuona mke wa pili kama Muunguja anavyokwenda Tanga. Tarehe 18 Januari mwaka huo Ufaransa ikaweka viza. Tangu hapo kilomita 70 za bahari zimekuwa kaburi: watu wamejazwa kwenye vidau vya kasi viitwavyo *kwassa-kwassa*, na waliozama ni maelfu. Maore hurudisha zaidi ya watu 20,000 kwa mwaka, na wengi hupanda chombo tena. Karibu nusu ya wakazi wa Maore ni raia wa nje, Wakomoro wengi wao, na shule na hospitali zinalemewa. Hapa kuna gharama ya njia ya pili ambayo haikuandikwa kwenye karatasi ya kura: kadiri unavyotajirika kuliko ndugu yako wa jirani, ndivyo unavyolazimika kujenga ukuta baina yenu, na askari wa ukuta huo hatofautishi sana sura.

Kuna jingine ambalo kijana anayepanga safari alijue. Kibali cha ukaazi kinachotolewa Maore hakimruhusu mgeni kuendelea hadi Ufaransa bara. Wengi hufika kisiwani wakidhani ni ngazi, kumbe ni kibaraza.

Maore imelipa pia kwa dini na mila. Makadhi waliondolewa mamlaka ya kuhukumu mwaka 2010, na ndoa ya wake wengi imefungwa kwa kizazi kipya. Wapo wanawake wa Maore wanaofurahia hilo na wazee wanaolilia. Msomaji apime kwa mizani yake. Zanzibar imebaki na mahakama za kadhi, sheria yake ya ardhi na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi.

Jina ndilo linalowapa Wakomoro kifua. Zanzibar ilikuwa na kiti Umoja wa Mataifa kuanzia Desemba 1963 hadi Aprili 1964, miezi minne, basi. Komoro inacho tangu Novemba 1975. Mwaka 2023 Azali aliongoza Umoja wa Afrika, na Septemba, mjini Delhi, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha kudumu ambacho bara zima lilipewa katika kundi la G20. Unaweza kusema kiti hakijazi birika la maji. Kweli. Ila hakuna rais wa Zanzibar wala diwani wa Maore atakayewahi kukikalia.

Basi kwa hali yako

Kama nyumbani kwenu ni visiwa zaidi ya kimoja, anzeni na kugawana kabla ya kuchagua njia yoyote kati ya hizi. Uhuru wa Komoro ulianza kupasuka siku makao makuu yalipohama, na sioni Pemba kama swali tofauti. Zamu ya urais ilikuwa dawa chungu yenye gharama, na bado ni bora kuliko zote walizojaribu.

Kama kisiwa kina watu wachache, bahari kubwa na tayari kinauza kitu ambacho dunia inakitaka, kujitegemea kunalipa, lakini panga ulinzi wa ikulu na uwanja wa ndege kabla ya wimbo wa taifa. Kama kina watu wengi, ardhi ya mawe na mazao matatu ya manukato, uhuru utategemea walioko nje. Watunze, wape kura, usiwatoze ushuru wa hasira bandarini.

Kama hofu yenu kubwa ni njaa na bunduki, na mko tayari kuona sheria ya ndoa, ardhi na majina ikiandikwa na watu msiowajua, njia ya Maore ina hoja. Pigeni kwanza hesabu ya jirani: kama mna ndugu ng'ambo ya mkondo, ulizeni nani atasimama mlangoni siku watakapokuja.

Kama lugha, soko na ndoa zenu tayari ziko bara, kuungana ndiko kunakofanana na maisha mnayoishi. Hapo ushauri wangu ni wa kikarani: orodha ya mambo ya pamoja iandikwe, isiongezwe bila kura ya kisiwani, na atajwe mwamuzi asiye wa upande wowote. Zanzibar iliingia bila cha tatu hicho na bado inakitafuta.

Na kama wewe si mwanasiasa bali ni mtu tu mwenye begi: mfanyabiashara wa mitumba na simu atapata nafasi kubwa zaidi Unguja na Kariakoo, muuguzi au mwalimu mwenye vyeti vya Kifaransa na karatasi halali atalipwa vizuri Mamoudzou, anayetaka kuwa mtu mbele ya watu, azikwe kwa heshima na jina lake litajwe msikitini, atarudi Ngazija na kufanya anda. Kijana wa Nzwani asiye na viza, anayeambiwa usiku wa leo bahari imetulia, asubiri mpaka asubuhi na aulize kwanza idadi ya abiria waliokwisha kuandikishwa kwenye kidau hicho.